Mwenye faili ni namba, si jina

Wiki iliyopita tulikuwa tunahamisha mfumo wa mauzo wa mteja mmoja kwenda seva mpya. Hifadhidata ya PostgreSQL ilibaki kwenye seva yake ya zamani, na mfumo huingia humo kwa cheti (faili ya utambulisho inayoendana na ufunguo wa siri), si kwa nywila. Nikanakili folda nzima kwa `rsync -a`, amri ya kunakili inayojaribu kutunza mwenye faili na ruhusa zake, nikiwa root (msimamizi mkuu wa mashine), vyeti na funguo humo humo, kisha nikaunda mtumiaji `duka` na kuwasha programu. Jibu: `Permission denied`, yaani huna ruhusa.

Karibu saa nzima nilikuwa nakisingizia cheti. Nikakipima kwa `openssl x509 -noout -dates`: muda wake haujaisha. Nikaangalia saa ya seva, maana saa ikibaki nyuma cheti kipya huonekana hakijaanza kutumika. Saa ilikuwa sawa. Ndipo nikaurudia ule ujumbe wa kosa polepole. Haukuwa na neno hata moja la kulaumu cheti. Ulikuwa unalalamikia faili ya ufunguo wa siri.

Hapo nikafanya kosa la kila mtu mwenye usingizi: `chmod 644`, yaani kila mtu aweze kuisoma faili. Programu ikanisuta kwa ujumbe mpya, kwamba ufunguo unasomeka na watu wengine na ruhusa ziwe 0600 (mwenye faili pekee asome na kuandika) au pungufu. Ina haki. Ukijikuta unalegeza ruhusa za ufunguo ili mambo yaende, simama. Hujalipata tatizo, unalifunika.

Nikarudisha 600, nikaandika `ls -l`. Mwenye faili: `nakala`. Huyu ni mtumiaji wa kazi za kuhifadhi nakala, hahusiki kabisa na mauzo! `ls -ln`, inayoonyesha namba ya mwenye faili badala ya jina, ikaonyesha 1001. `id duka`, inayotaja namba ya `duka`, ikajibu 1002.

Kumbe Linux haiandiki jina la mtu kwenye faili, huandika namba. Jina unaloliona hutafutwa papo hapo kwenye orodha ya watumiaji wa mashine hiyo. Kwenye seva ya zamani 1001 alikuwa `duka`. Kwenye mpya, `nakala` aliwahi kuichukua. `rsync` ikiendeshwa na root hujaribu kulinganisha majina, lakini jina lisipokuwepo upande wa pili huiacha namba ilivyo. Nami nilinakili kwanza, mtumiaji nikamuunda baadaye. Kwa hiyo unda watumiaji kabla ya kunakili, na kama namba haijachukuliwa, wape ile ile kwa `useradd -u`. Wanaotumia NFS (njia ya kushirikiana faili kati ya mashine kupitia mtandao) ndiyo wazingatie zaidi, kwa sababu katika mpangilio wake wa kawaida kinachosafiri kati ya seva ni namba tu.

`chown duka` kwenye ufunguo ili `duka` awe mwenye faili, ruhusa 600, nikawasha tena. Kosa likabadilika: uthibitisho wa cheti umeshindikana kwa `duka_app`. Nilifurahi, kwa kweli. Sasa anayekataa ni seva ya hifadhidata, maana yake ufunguo umesomeka na tumefika mlangoni kwake. Kosa la namna hii usilitafute upande wako. Nenda kasome logi (kumbukumbu za matukio) ya anayekukataa, kwa sababu programu inayoomba kuingia huambiwa kwa ufupi tu. Logi ilisema wazi: aliyeombwa ni `duka_app`, jina lililomo ndani ya cheti ni `duka`, hayalingani. Mwenzangu alikuwa amebadilisha jina la kuingilia hifadhidata kwenye mipangilio mipya ya programu, akidhani linapendeza zaidi.

Ningeweza kutoa cheti kingine. Nikaona mstari mmoja kwenye `pg_ident.conf` (faili inayosema jina lipi la cheti liruhusiwe kuingia kama mtumiaji yupi), `map=` ya kuutumia mstari huo kwenye `pg_hba.conf` (faili ya kanuni za nani anaingia na kwa njia gani), na kuifanya PostgreSQL isome upya mipangilio, vinatosha. Saa nane na robo usiku mauzo yakaanza kuingia.

Asubuhi nikaenda kusoma logi za programu yenyewe. Tupu. Folda ya logi hizo bado ilikuwa ya `nakala`.