Ndege ya haipasoniki itabeba parachichi za Tukuyu?

Swali limetoka kwa dada mmoja mfanyabiashara wa parachichi: "Injinia shikamoo. Mwanangu yuko kidato cha tano PCM, ananiambia zinakuja ndege za haipasoniki zitafika Ulaya kwa saa moja na nusu. Ni kweli? Na kama ni kweli mzigo wetu wa Tukuyu si unaweza kupanda humo tukaachana na meli? Yeye anataka kuja kuzitengeneza, asome nini?"

Marahaba dada, ndaga kwa swali. Hesabu ya kijana iko sawa kabisa. Haipasoniki ni kuanzia mara 5 ya kasi ya sauti, wenyewe tunasema Mach 5, kule juu ni kama km 5,300 kwa saa, na toka uwanja wa ndege wa Songwe hapa Mbeya mpaka London kwa mstari ulionyooka ni kama km 7,400, kwaiyo ukigawanya unapata saa moja na dakika ishirini na kitu. Shida ni joto.

Wengi wanadhani ndege inapata moto kwa kusuguana na hewa. Msuguano upo, ila pale mbele kwenye pua kazi kubwa inafanywa na hewa kubanwa kabla haijapata pa kukimbilia. Shika pampu ya baiskeli ukishajaza tairi, utakuta chini imepata moto, ndo hicho hicho. Concorde, ile ndege ya abiria ya zamani, ilienda Mach 2 na pua yake ikafika nyuzi 127 hivi. Sa tatizo joto linapanda kwa mraba wa spidi, kijana wako atakueleza, ukifika Mach 5 hewa iliyogota pale mbele inakuwa kama nyuzi 1,050 na aluminiamu inayeyuka kwenye 660, kwaiyo bati la ndege za kawaida lisahau. Mwaka 1967 rubani Pete Knight aliendesha X-15, ndege ya majaribio ya Marekani, mpaka Mach 6.7, na mpaka leo hakuna rubani aliyeivuka spidi hiyo kwenye ndege ya mabawa inayosukumwa na injini yake. Aliporudi chini wakakuta joto limetoboa chuma pale chini ya mkia, na hapo chuma chenyewe kilikuwa aloi (mchanganyiko wa metali) ya nikeli iliyotengenezwa kwa ajili ya moto!

Injini nayo ina vituko vyake. Jeti ya kawaida ina mapangaboi ya kubana hewa, ila skramjeti, yaani injini ya haipasoniki, haina, spidi ya ndege yenyewe ndo inabana, hewa inapita ndani ikiwa bado inaizidi sauti na mafuta yana milisekunde chache tu za kuchanganyika na kuwaka. Sasa kama ndege haijafika Mach 4 au 5 injini haiwaki, yaani haiwezi kuruka yenyewe toka chini, lazima kitu kingine kiibebe kwanza. X-43A, ndege ya majaribio isiyo na rubani ya NASA, mwaka 2004 ilibebwa na B-52, ndege kubwa ya kijeshi, ikasukumwa na roketi, ikafika Mach 9.6, injini ikawaka kama sekunde 10 basi. X-51A ya jeshi la anga la Marekani, nayo ya majaribio, mwaka 2013 ikajitahidi dakika tatu na nusu kwa Mach 5.1. Zote mbili zikaishia baharini na ndo ilivyopangwa, hakuna aliyetegemea zitue.

Kwa maoni yangu abiria watakuwa wa mwisho kabisa kufaidi. Wa kwanza ni wanajeshi na wameshaanza, Urusi wana kombora la Avangard, China wana la DF-17. Na hapo watu wanachanganya, kombora la kawaida la masafa marefu liko haipasoniki tangu zamani, jipya ni kwamba haya yanaruka chini zaidi na yanakata kona, rada inayaona kwa kuchelewa. Wa pili ni maabara zinazoruka, yaani ndege za majaribio, kampuni ya Stratolaunch ya Marekani wana Talon-A isiyo na rubani, mwishoni mwa 2024 na tena Machi 2025 ilivuka Mach 5 ikatua salama, hiyo mi naiona hatua kubwa kuliko rekodi zote kwa sababu unaijaza mafuta unairusha tena. Upande wa pesa ndo pagumu, kampuni ya Reaction Engines ya Uingereza ilihangaika na injini yake tangu 1989, mwaka 2024 ikafilisika.

Abiria mambo yao ni mengi, nitaje kona tu. Kwa Mach 5, ukitaka kukunja taratibu watu wasikandamizwe pembeni zaidi ya nusu ya mvuto wa dunia, ile kona inahitaji nusu kipenyo cha km 440 hivi, Mbeya mpaka Iringa haitoshi. Alafu kuna ule mlipuko wa sauti unaosikika chini ndege ikizidi kasi ya sauti, Concorde ilikatazwa kuvuka spidi ya sauti juu ya nchi nyingi, na sisi toka hapa mpaka Ulaya karibu njia yote ni nchi kavu.

Parachichi sasa. Dada achana nayo. Parachichi aina ya Hass inasafiri kwa meli wiki kadhaa kwenye kontena la ubaridi na inafika vizuri, ilimradi iwe imepozwa mapema. Ikishinda juani shambani, alafu lori likwame mlima Kitonga na mtambo wa ubaridi umezimwa, hata ungeirusha kwa roketi ingefika imeiva. Hela ya nauli ya haipasoniki nunua chumba cha ubaridi karibu na shamba.

Kijana aende uhandisi mitambo, hata hapo MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia Mbeya, kipo, akazanie joto, mwendo wa hewa na sayansi ya metali na seramiki. NIT, chuo cha usafirishaji Dar, wanafundisha matengenezo ya ndege, kazi nzuri ila ni kazi nyingine. Na hesabu asiziache hata siku moja, hasa milinganyo ya tofauti (differential equations), huko ndo wengi wanapodondokea.