Fundi Anajibu: Kwa betri inakimbia, kwa chaja inatambaa

SWALI: Shikamoo mama. Nina steshenari ndogo hapa Mikindani, nachapa barua na kutoa kopi. Laptop yangu ni ya mtumba, prosesa Core 2 Duo ya GHz 2.4, RAM GB 4, nimeiwekea Debian, aina mojawapo ya Linux. Nikichomeka chaja inatambaa mpaka mteja anatafuta pa kukaa. Nikichomoa inakimbia, ila betri hainifikishi hata nusu saa. Kijana mmoja alinishauri nibadilishe gavana wa prosesa, niweke performance. Nimeweka, hali ni ile ile. Niitupe?
Mchapaji, Mikindani

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiitupe. Wengi huniletea mashine wakasema "ni nzito" wakaishia hapo. Wewe umechunguza lini ni nzito na lini si nzito, na hapo ndipo jibu lilipo.

Gavana ni sehemu ya Linux, mfumo unaoendesha mashine yako, inayoamua prosesa iende mwendo gani. Kazi ikipungua anashusha, ikizidi anapandisha. Mwendo ukishuka, volti nayo inaweza kushushwa, na kwa kuwa umeme unaoliwa hufuata mwendo mara volti mara volti tena, kushusha kidogo tu hupoza mashine sana. Performance humwambia gavana kitu kimoja: nenda mwendo wa juu kabisa unaoruhusiwa. Neno hilo "unaoruhusiwa" ndilo lililokukwamisha, maana mwenye kuruhusu ni BIOS, ile programu ya ndani ya mashine inayoamka kabla ya Linux.

Ili uone dari ambayo BIOS imeweka, fungua teminali (dirisha la kuandikia amri), chaja ikiwa imechomekwa, uandike:

cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/bios_limit

Kisha chomoa chaja, usome tena. Namba ni za kilohezi, kwa hiyo 2400000 ndiyo GHz 2.4 yako. Nategemea ukiwa na chaja utakuta 800000, yaani theluthi ya mwendo. Ikiwa ni hivyo, badilisha magavana hata kumi, wote watakuwa chini ya dari hiyo hiyo.

Sasa shika chaja utazame mdomo wake. Baadhi ya laptop zina sindano nyembamba katikati ya mdomo wa chaja. Sindano hiyo haipeleki umeme wa kuendesha mashine. Inaitambulisha chaja, kwamba mimi ni ya wati kadhaa. Mashine isipousikia utambulisho huo, hujihami kwa kubana prosesa. Nililetewa moja ya namna hii kutoka Msangamkuu, imefungwa kwenye kanga. Nilipoitazama sindano kwa lenzi nikakuta imeota kutu ya kijani, hewa yetu ya chumvi ndivyo ilivyo. Nikaisafisha taratibu kwa pamba na spiriti, nikachomeka, namba ikarudi 2400000. Mwenyewe alikuwa ameshatafuta mnunuzi wa vipuri.

Sindano ikiwa safi na haijapinda, au chaja yako haina sindano kabisa, soma maandishi mgongoni mwake. Volti 19.5 mara ampea 3.34 ni wati 65. Mara ampea 4.62 ni wati 90. Laptop iliyozaliwa na chaja ya 90 ukiipa ya 65, inaweza kujibana vivyo hivyo. Hapo dawa ni kutafuta chaja yake halisi.

Utakutana na watu watakaokwambia uongeze processor.ignore_ppc=1 wakati wa kuwasha, ili Linux ipuuze dari ya BIOS. Maneno hayo yapo na yanafanya kazi. Nakusihi usiyatumie kwa chaja dhaifu. Itavutwa kupita uwezo wake, itachemka, na duka lako limejaa karatasi.

Namba ikiwa 2400000 mara zote mbili, basi tafuta joto: feni iliyoziba vumbi, au ile dawa ya kupozea prosesa iliyokauka. Niletee tuifungue.

SWALI: Mimi niko Lindi, laptop yangu ni Core i5 ya kizazi cha sita. Nimeona gavana imeandikwa powersave. Ndiyo inayonichelewesha?
Msomaji, Lindi

JIBU: Si lazima, ndugu yangu. Kwanza soma scaling_driver, faili linalotaja programu inayosimamia mwendo wa prosesa, kwenye folda hiyo hiyo ya cpufreq. Ikijibu intel_pstate, powersave yako hupanda na kushuka kufuatana na kazi. Ingejibu acpi-cpufreq, kama mashine za zamani za mwenzako wa Mikindani, neno hilo hilo lingemaanisha kuganda kwenye mwendo wa chini kabisa. Jina moja, tabia mbili, na limewapoteza wengi. Cheza video huku ukisoma scaling_cur_freq, yaani mwendo wa sasa, mara kadhaa. Namba zikipanda, mwache gavana wako, ukatazame diski: kama bado ni ile ya kuzunguka, anza kuweka akiba ya kununua SSD, diski isiyozunguka na yenye kasi zaidi.