Maswali na Majibu: Kibe, brikicho na hawa wauza maana

SWALI: Asalamu alaykum mwalimu. Mimi niko Malindi, mtaa wa Shela. Mwanangu wa darasa la tano kaandika kwa insha "tulicheza brikicho", mwalimu wake kalikata kwa wino mwekundu akaandika juu yake "kibe". Mimi nikaingia mtandaoni kutafuta, nikakuta klipu jamaa asema kibemasa ni Kiarabu, eti "masa" ni jioni, kwa hivo ni mchezo wa jioni. Mwengine hapo chini akambishia, asema ni Mreno alituletea tangu kuja kwake Vasco da Gama. Maana yake hasa ni nini, na mtoto aandike lipi?

JIBU: Wa alaykum salam dadangu. La mtoto ni jepesi. Kibe au kibemasa ni mchezo wa watoto wa kujificha na kutafutana, kamusi zinalo, na "tulicheza kibe" haina kasoro. Brikicho ndo jina la mchezo huo huo kwa watoto wengi wa Kenya siku hizi, na wanahabari wetu hulitumia kila mara, utasikia mshukiwa "anacheza brikicho na polisi". Ukivuka mpaka ukafika Dar es Salaam utaambiwa kombolela, na huko aliyejificha akiwahi kugusa kituo kabla hajashikwa anawakomboa wenzake. Kwa hivo huyo mtoto hakukosea maana, alichokosa labda ni rejista, yaani aina ya lugha inayofaa insha, na mwalimu angemwandikia hivo kando badala ya kulikata tu kama kwamba neno halipo duniani. Kibe hata watu wazima hulitumia, mtu anayekwepa madeni utasikia "anacheza kibe na wadai wake", na kila Mswahili ameshaelewa.

Sasa hizo klipu. Hapa ndo naumia, manake haipiti wiki sijaletewa moja, na wanaoleta si wajinga, ni walimu wenzangu, ni wanafunzi wa chuo, ni wazazi kama wewe.

Angalia huyo wa "masa" alivofanya. Kweli Kiarabu kina neno masaa kwa maana ya jioni, na sisi tumelipata ndani ya salamu, masalkheri. Lakini hapo ndo mwisho wa ushahidi wake, yaani sauti mbili zimefanana. Nani pwani hii amewahi kusema "nitakuja masa"? Sisi twasema jioni, twasema magharibi, twasema baada ya alasiri, hilo "masa" peke yake halitembei kwenye Kiswahili, sasa lilitokaje kwenye salamu likaruka mpaka kwenye mchezo wa watoto bila kupita kwengine kokote? Halafu kibe si cha jioni. Pita hapa Lamu siku isiyo na shule, asubuhi, utaona mmoja kaegemea ukuta wa mawe, uso kwenye viganja, anapiga kelele "Tayari?" na wenzake waitika "Bado!" kutoka ndani ya madaka, hizi baraza za mlangoni mwa nyumba za watu, mmoja kajibana nyuma ya punda aliyesimama kichochoroni na miguu yote yaonekana chini ya tumbo la punda. Jua liko juu kabisa. Jioni iko wapi hapo?

Na huyo wa Mreno ni shida ile ile. Vasco da Gama alifika Malindi 1498, hiyo ni kweli, na Wareno walituachia maneno, meza ni lao, leso ni lao, bandera ni lao. Lakini meza kwao ni mesa, leso ni lenço, bandera ni bandeira, unaona kabisa neno lilikotoka na kitu chake. Mchezo wa kujificha Mreno auita escondidas au esconde-esconde. Mwarabu auita ghumaida, kutokana na kufumba macho. Mgujarati auita santakukdi. Nionyeshe kibe iko wapi hapo, au brikicho.

Kutafuta asili ya neno ni kazi, ina taratibu zake. Unafungua kamusi kongwe, ya Krapf iliyochapishwa 1882, ya Sacleux na ya Johnson zote za 1939, unatazama neno lilikuwa na umbo gani na maana gani, unauliza wazee wa miji tofauti, halafu unaangalia kama sauti zinabadilika kwa mpango. Mfano sisi Waamu, watu wa Lamu, twasema mato kwa macho, teka kwa cheka, fita kwa ficha, hiyo ch inageuka t na yarudia neno baada ya neno, si mara moja ikapotea. Wa klipu hana hata moja la hayo, yeye akata neno kama samaki, kichwa Kiarabu, mkia Kireno, na watu wampa likes. Na ile ki- ya mwanzo ndo yawapoteza zaidi, wadhani kila ki- ni kiambishi cha kupasua. Kitabu ni Kiarabu, kitaab, ile ki- ni ya shina lake, ni sisi Waswahili tulioichukulia kama yetu tukasema vitabu.

Hawa wa klipu wangekuwa wanacheza tu ningenyamaza. Lakini maana hizi zaingia darasani, mtoto anaziandika kwenye mtihani, na kuna wanaolipisha watu pesa kuwatafsiria majina ya watoto wachanga na majina ya mitaa kwa mtindo huu huu wa kukata vipande. Dadangu, mtu akikuletea maana ya neno muulize kamusi gani, ya mwaka gani, nani alilitumia hivo na wapi. Akianza kuguna, funga simu.

Na kama una bibi Mambrui au hapo hapo Malindi, muulize wao walikuwa wakisemaje anayetafuta akishafumba macho, na wenzake wakiitika nini. Andika maneno yake kama alivoyatamka, na jina la mtaa wao, usimtengenezee Kiswahili sanifu, kisha uniletee.