Mgonjwa wa stroki hakohoi? Usishangilie bado

*Baba alipata stroki wiki mbili zimepita. Akinywa chai hakohoi hata kidogo, si hiyo inamaanisha amepona? (Nyalenda, Kisumu)*

Hii swali nimeijibu mara ngapi jamani. Kutokohoa si kupona! Stroki inaweza kuua hisia ya koo, kwa hivyo chai inateremka mpaka mapafuni na mwili haujui, hapaliwi, hakohoi, halafu siku chache baadaye homa imepanda na anahema haraka haraka, hiyo ni nimonia. Na hata wenye wanakohoa, sikilizeni hicho kikohozi vizuri. Kama ni kale kadogo ka kusafisha koo tu, hakina nguvu ya kutoa kitu kimeingia njia ya hewa, juu misuli ya kifua na tumbo nayo imelegea. Sauti pia, ikitoka kama kuna maji kooni baada ya kumeza, wacha kumlisha. Rudi hospitali apimwe kumeza kabla hujamwekea kikombe kingine.

*Tunampa cucu uji mwepesi ndio upite rahisi. Ni sawa? (Bahati, Nakuru)*

Hapana. Kitu chepesi kinakimbia, na koo lake limechelewa kufunga njia ya hewa. Maji ndio mabaya zaidi, na ndio kila mgeni anakimbilia kumpa. Mara nyingi uji mzito wa kukaa kwa kijiko ni afadhali, lakini uzito gani, aseme mwenye amempima.

*Naweza kumlisha akiwa amelala, amesinzia kidogo? (Bungoma)*

Hapana! Awe macho kabisa, aketi wima, na akimaliza akae hivyo nusu saa.

*Tembe zote nasaga nachanganya na uji, kuna shida? (Kisumu)*

Uliza mfamasia kwanza. Zingine zimetengenezwa kutoa dawa polepole, ukisaga inaingia yote mara moja.

*Mzee amewekwa mpira wa kulishia puani, shangazi anataka tuutoe, anasema anateseka. (Kakamega)*

Shangazi anampenda, najua, lakini msiutoe nyumbani. Wengi kumeza kunarudi ndani ya wiki chache, na hizo wiki lazima ale. Chenye hamjaniuliza ni mdomo. Watu wakiona mpira wanasahau mswaki, eti chakula hakipiti mdomoni, na mate bado anameza, yakienda mapafuni yanabeba uchafu wote wa meno na ulimi. Msugueni asubuhi na jioni, ameketi, mswaki laini, maji kidogo sana, na meno ya bandia yatolewe usiku.