Resident Evil zisizo na namba, tuanze na ipi?

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi na mdogo wangu tupo Nkuhungu hapa Dodoma, tumemaliza gemu za kutisha za Resident Evil 4 na 5 kwenye PS3 ya mjomba, sasa jamaa wa kibanda cha gemu anasema zipo za pembeni hazina namba. Zina maana kweli?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Zina maana sana ila msizivamie zote. Kwa vile mko wawili anzeni na Revelations 2 ya 2015, skrini inagawanyika mnacheza wote, mmoja Claire Redfield mwenye bunduki, mwingine Moira, binti wa Barry Burton (mhusika wa zamani wa gemu hizi), huyu bunduki hataki hata kuishika maana utotoni alimpiga risasi mdogo wake kwa bahati mbaya, kwa hiyo ana tochi na mtaimbo tu, anammulika adui machoni mpaka anayumba ndo Claire anamaliza. Mwenye pedi ya pili hasindikizi, ana kazi kwelikweli.

Revelations ya kwanza ilitoka 2012 kwenye Nintendo 3DS, ile mashine ya gemu ya mkononi, PS3 ikafika 2013. Mhusika mkuu, Jill Valentine, yuko ndani ya meli, korido nyembamba, risasi za kuhesabu, na stori yake inakaa katikati ya hiyo 4 na 5. Chezeni usiku!

Umbrella Corps ya 2016 achaneni nayo, ni kurushiana risasi tu, hofu hamna.

Ila inayonikaa moyoni mimi ni Outbreak ya PS2, humo unaweza kuwa mhudumu wa baa tu wa Raccoon City, ule mji wa kubuni uliovamiwa na mazombi, na ukifungua begi kutafuta dawa zombi hasubiri, anakuja hivyohivyo.