Papa wa Roma anatuhusu nini sisi wa Bagamoyo?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Mimi ni mama wa jumuiya hapa Bagamoyo, nauza samaki. Nina jirani Mwislamu, tunasaidiana kwa mengi, na tangu afariki Papa Fransisko amekuwa akiniuliza mambo ninayoshindwa kuyajibu. Anasema: mnamwita Baba Mtakatifu, kwani yeye hakosei? Paroko mnaye, Askofu mnaye, huyu wa Roma kazi yake hasa nini? Na mimi nina langu. Nikisikia kwamba Papa amesema jambo fulani, moyo wangu ukalikataa, nimetenda dhambi? Tena ile sadaka ya Mtakatifu Petro huwa inakwenda wapi?

JIBU: Milele na milele, amina. Mama mpendwa, kwanza nifikishie salamu kwa jirani yako. Mtu anayekuuliza kwa wema namna hiyo anakufanyia hisani, maana anakulazimisha kuijua imani unayoiungama kila Jumapili.

Kazi ya Papa tuitafute pale ilipoanzia, kwa Petro mwenyewe. Usiku ule wa karamu ya mwisho, Yesu alijua kwamba kabla ya jogoo kuwika Petro atamkana. Hata hivyo akamwambia: "Nimekuombea wewe ili imani yako isitindike, nawe utakapoongoka waimarishe ndugu zako" (Luka 22:32). Kazi ikatolewa kwa mtu ambaye udhaifu wake ulishajulikana. Baada ya ufufuko, kando ya ziwa, Bwana akamwuliza mara tatu kama anampenda, na mara tatu akamkabidhi kundi: lisha wana-kondoo wangu, chunga kondoo zangu, lisha kondoo zangu (Yohane 21). Wangu, zangu. Kundi halikuwa mali ya Petro hata siku moja.

Petro alimaliza mwendo wake Roma kwa kuuawa shahidi, na Askofu wa Roma ndiye anayemrithi katika huduma hiyo. Kazi yake ni kuilinda imani ile ile tuliyoipokea kwa Mitume, na kuwashika maaskofu na waamini wote katika umoja. Mengine yote unayoyaona yanatoka hapo: kuteua maaskofu, kuunda majimbo, kutangaza watakatifu, kuitisha mitaguso, yaani mikutano mikuu ya maaskofu wa dunia nzima, kuandika barua za kichungaji kwa Kanisa lote. Hata hiyo nchi ya Vatikano, ambayo haifiki nusu ya kilomita moja ya mraba, ipo tangu mapatano ya mwaka 1929 ili Papa asiwe chini ya mfalme au serikali yoyote anapotimiza wajibu wake. Si ufalme wa kujivunia.

Papa hajipi cheo mwenyewe. Alipofariki Papa Fransisko tarehe 21 Aprili 2025, makardinali wapiga kura 133 walijifungia Roma, na mmojawao alikuwa Kardinali Protase Rugambwa wa Tabora. Walitakiwa kufikia theluthi mbili. Tarehe 8 Mei wakampata Papa Leo wa Kumi na Nne, mtawa wa shirika la Mtakatifu Agustino.

Sasa nikuonyeshe namna unavyoguswa na kazi ya Papa hapo ulipo. Mwezi Machi 2025, Papa Fransisko akiwa amelazwa hospitali ya Gemelli mjini Roma, ilitangazwa kwamba ameunda Jimbo jipya la Bagamoyo kwa kumega sehemu za Dar es Salaam na Morogoro, na kwamba Askofu Stephano Musomba, aliyekuwa askofu msaidizi Dar es Salaam, ndiye atakayekuwa mchungaji wake wa kwanza. Tulipiga vigelegele, na ilistahili. Lakini tangazo hilo halikushuka kama mvua. Maaskofu wa nchi hushauriana, Balozi wa Papa huchunguza na kuwauliza watu kwa siri, wakiwemo walei, yaani waamini wasio mapadre wala watawa, majina hupelekwa Roma kwenye Dikasteri ya Uinjilishaji, ofisi ya Papa inayosimamia Makanisa ya kimisionari, kisha Papa anaamua. Neno la mwisho ni lake. Sheria za Kanisa, kanuni ya 331, zinasema mamlaka yake ni kamili, ya juu kabisa, na yanamfikia kila mwamini moja kwa moja bila kupitia kwa mtu mwingine. Kwa hiyo ukimwambia jirani yako kwamba Papa ni mwenyekiti wa heshima tu, utakuwa umempotosha.

Hata hivyo, lipo kosa la upande wa pili, nalo nalisikia zaidi hapa kwetu. Watu wanadhani Askofu kwa Papa ni kama mkuu wa mkoa kwa Rais: ametumwa, anatekeleza, akikosea anarudishwa nyumbani. Sivyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano umefundisha wazi kwamba maaskofu ni mawakili wa Kristo wenyewe, wala wasihesabiwe kuwa wajumbe wa Papa. Askofu wako anapokufundisha na kukupa kipaimara hafanyi hivyo kwa niaba ya Roma. Anafanya kwa nguvu ya daraja takatifu ya uaskofu aliyopewa na Kristo, katika umoja na Petro. Ndiyo maana katika Misa padre huwataja wote wawili, Papa na Askofu wa mahali. Na kila baada ya miaka mitano hivi maaskofu huenda Roma kusali kwenye makaburi ya Petro na Paulo na kumweleza Papa hali ya majimbo yao. Shida za wavuvi wa Bagamoyo zinaweza kabisa kufika mezani kwake kwa njia hiyo.

Tuje kwenye swali la jirani yako: hakosei? Kama anauliza kuhusu dhambi, jibu ni fupi. Papa ni mdhambi kama mimi na wewe, na anaungama. Mwezi Machi 2014 dunia ilimwona Papa Fransisko amepiga magoti mbele ya padre wa kawaida katika Basilika la Mtakatifu Petro. Tunamwita Mtakatifu kwa heshima ya huduma aliyokabidhiwa.

Kama anauliza kuhusu mafundisho, hapo panahitaji utulivu. Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano ulilitamka jambo hili mwezi Julai 1870. Wakati huo hapa kwetu wamisionari wa shirika la Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa wameshafika tangu 1868, na watumwa waliokombolewa walikuwa wanaanza maisha mapya pale misheni. Mtaguso ulisema kwamba Mungu humkinga Papa asipotoke anapofundisha akiwa mchungaji na mwalimu wa Wakristo wote, kwa mamlaka yake yote ya kitume, akitangaza rasmi kwamba fundisho fulani la imani au maadili lazima lishikwe na Kanisa lote. Masharti hayo lazima yatimie yote pamoja. Tangu mwaka ule jambo hili limefanyika waziwazi mara moja, mwaka 1950, Papa Pio wa Kumi na Mbili alipotangaza kwamba Bikira Maria alipalizwa mbinguni mwili na roho, ile sikukuu tunayoadhimisha tarehe 15 Agosti. Naye kabla ya kutangaza aliwauliza kwanza maaskofu wa dunia nzima. Hakubuni kitu kipya. Alithibitisha kile ambacho Kanisa lilikuwa tayari linakisali.

Nje ya hapo Papa anaweza kukosea, na wamewahi kukosea. Mimi nahudumu katika mji ambao misafara kutoka Ujiji na Tabora ilifikisha watu wakiwa wamefungwa minyororo, siwezi kulipita jambo hili kimya kimya. Mwaka 1452 Papa Nikolasi wa Tano alimwandikia mfalme wa Ureno barua iliyomruhusu kuwatia Waislamu na wapagani katika utumwa wa kudumu. Jirani yako akiijua historia hiyo, usimkatalie. Ni kweli, na ni aibu. Mwambie pia kilichofuata. Mwaka 1839 Papa Gregori wa Kumi na Sita alilaani biashara ya watumwa na kuwakataza Wakristo wasiitetee. Mwaka 1888 Papa Leo wa Kumi na Tatu alipaza sauti dhidi ya utumwa, na akaunga mkono juhudi za kuikomesha biashara hiyo katika Afrika. Mwaka 1992 Yohane Paulo wa Pili alisimama katika kisiwa cha Gorée, Senegal, akamwomba Mungu msamaha kwa dhambi ile. Na mwaka 2023 Vatikano ilisema rasmi kwamba nyaraka zile za karne ya 15 hazikuheshimu ipasavyo utu na haki za watu wa asili, na kwamba hazijawahi kuwa tamko la imani katoliki. Naumia kila ninapofikiri ni wangapi walipita njia hii kabla Kanisa halijasema kwa sauti moja. Lakini ona: Papa alikosea katika amri aliyoitoa kama mtawala, ungamo la imani halikuguswa. Hiyo ndiyo tofauti unayopaswa kumweleza.

Sasa hilo lako, mama. Maneno ya Papa hayana uzito mmoja. Fundisho lililotangazwa rasmi kuwa la imani tunalipokea kwa imani. Mafundisho yake ya kawaida, kama barua zake kwa Kanisa lote, tunayapokea kwa utii wa akili na nia, yaani tunaanza kwa kumpa haki, tunasoma, tunasali, tunauliza. Jibu alilompa mwandishi wa habari ndani ya ndege, au maoni yake juu ya siasa, tunayasikiliza kwa heshima, wala hakuna anayekubana kooni. Na yale yanayozungushwa kwenye simu, kipande cha sekunde kumi na maandishi mekundu, "Papa kasema!", hayo mara nyingi hata si yake. Nimewaona waamini wakikosa usingizi kwa maneno ambayo Papa hakuyatamka. Kabla moyo haujakataa, tafuta kwanza amesema nini hasa.

Inatokea pia kwamba amesema kweli, na watu wakataabika. Unakumbuka Desemba 2023, ilipotoka Roma hati iliyogusia baraka kwa watu wa jinsia moja wanaoishi pamoja. Hapa Afrika kulikuwa na mshtuko mkubwa. Maaskofu wetu hawakujitenga na Papa, wala hawakunyamaza. Kardinali Ambongo wa Kinshasa, kwa niaba ya mabaraza ya maaskofu wa Afrika, alikwenda Roma, wakazungumza, na Januari 2024 akatoa barua, kwa makubaliano na Papa mwenyewe, kwamba baraka hizo hazitatolewa katika Makanisa ya Afrika. Kwangu mimi huo ni mfano mzuri wa namna ya kuwa mwana ndani ya nyumba. Hata Paulo alishindana na Petro uso kwa uso kule Antiokia (Wagalatia 2:11), lakini hakwenda kuanzisha kanisa lake.

Kwa hiyo kushtuka si dhambi. Kutoelewa si dhambi. Kanuni ya 212 inakupa haki, na pengine wajibu, wa kuwaeleza wachungaji maoni yako kwa heshima. Dhambi inaanza pale mtu anapojua kwamba jambo ni fundisho la imani akalikana kwa ukaidi, au anapomtukana Papa na kuwavuta wengine watoke katika umoja. Likikuelemea jambo, njoo ofisini na maandishi yenyewe, tuyasome pamoja.

Ama sadaka ya Mtakatifu Petro, hukusanywa kila mwaka karibu na sikukuu ya Petro na Paulo, tarehe 29 Juni. Jimbo huituma Roma, na Papa huitumia kwa huduma yake kwa Kanisa lote na kwa kuwasaidia walioko katika vita, njaa na maafa. Ni ya hiari. Toa kadiri ya biashara ilivyokwenda. Mwaka ambao samaki wamekataa, hakuna anayekudai.