Mlio kuisha asubuhi si kupona

Umeandika kwamba huu ni mwezi wa nne unakwangua kutu ndani ya matangi ya meli hapa Mombasa. Kila jioni masikio yanalia mpaka unalala, asubuhi yamenyamaza, na umepimwa ukaambiwa uko sawa. Unauliza kama uendelee, na ununue vizibo vya masikio vya aina gani. Naona watu watatu hapo juu wameshakujibu kwamba utazoea.

Mdogo wangu, hutazoea. Sikio halizoei! Neno hilo hilo niliambiwa na fomeni wangu mwaka 2011, nikaliamini miaka sita, na leo nikikaa na watu wanne sebuleni naambulia nusu ya wanachosema.

Kazi yangu ilikuwa hiyo hiyo yako. Ile mashine ya upepo yenye sindano za kupigia kutu, ndani ya tangi, watu wawili au watatu kwa pamoja. Unajua mwenyewe: mle ndani sauti haina pa kutokea, inagonga chuma hiki inarudi kwenye chuma kile, unaisikia hadi kwenye meno. Vizibo vilikuwepo stoo lakini havikugawiwa, nami sikudai. Nilikuwa nikichana pamba ya duka la dawa nikijaza masikioni, nikajiona mjanja. Pamba inazuia kidogo mno.

Jioni nikivuka Likoni, honi ya feri nikiisikia kama inapigwa Kilifi, na juu yake ule mlio, nyiiii, usio na pumzi. Alfajiri adhana ya msikiti wa jirani ndiyo ilikuwa kipimo changu. Nikiisikia vizuri najiambia haya, nimepona, naenda kazini. Siku baada ya siku, miaka sita. Fomeni alisema masikio ni kama viganja, yanaota sugu. Yule mzee mwenyewe ukimwita kwa nyuma hageuki, na mimi sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Mwaka wa tatu nilipimwa kama wewe. Kijichumba kimya, vifaa masikioni, ukisikia mlio bonyeza. Nikabonyeza yote. Aliyenipima akaniambia nina masikio ya mtoto mchanga. Hakuniuliza kazi yangu, hakuniuliza kama masikio hulia jioni, hakuniuliza kama nasikia watu wakiwa wengi. Ningeulizwa ningesema, kwa sababu tayari nilikuwa nahangaika. Sokoni Marikiti muuzaji akinitajia bei namsikia sauti, maneno siyapati. Harusini nilikuwa natazama midomo. Nikajifanya mcheshi: mtu akisema jambo nisilolipata natupia mzaha, watu wanacheka, mazungumzo yanasonga. Mke wangu ndiye aliyegundua. Alizima televisheni akaniuliza swali lile lile, nikajibu. Akaiwasha, akauliza tena, nikamwambia "eeh, mvua itanyesha." Alikuwa ananiuliza ada ya mtoto.

Ile karatasi ya vipimo ndiyo iliyoniangamiza. Nikaitumia kuombea kazi nzuri zaidi, nikawekwa juu ya sitaha kutoa ishara kwa mtu wa winchi. Siku hiyo kompresa ilikuwa inaunguruma mgongoni mwangu, bamba la chuma linateremshwa tangini, mwenzangu yuko chini na redio ya mkononi. Akasema "subiri." Mimi nikasikia "shusha." Ningeapa kwa Mungu nimesikia "shusha." Nikatoa ishara. Vidole viwili vya mguu wake vilisagika, kijana wa Mtongwe tuliyekuwa tukila naye sahani moja. Kazi niliipoteza wiki hiyo hiyo, na hiyo ndiyo sehemu ndogo. Hajawahi kunilaumu. Nikikutana naye namtazama anavyokanyaga.

Baada ya hapo ndipo nikapelekwa kwa daktari wa masikio, naye akachukua kalamu akanichorea. Sikio la ndani lina koklea, imejikunja kama konokono. Mle ndani kuna seli zenye vinyweleo vinavyogeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara, na ishara hizo zinachukuliwa na nyuzi za neva hadi kwenye ubongo. Zamani iliaminika kwamba usikivu ukirudi baada ya kelele, basi hakuna kilichoharibika. Mwaka 2009 watafiti wawili wa Boston, Marekani, Sharon Kujawa na Charles Liberman, walichapisha kazi yao juu ya panya. Waliwaweka panya kwenye kelele ya desibeli 100 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 2, mara moja tu. Usikivu ukashuka, kisha baada ya wiki mbili ukawa umerudi. Seli zenye vinyweleo zimesimama zote. Lakini walipotazama pale seli zinaposhikana na nyuzi za neva, upande wa sauti nyembamba, hadi nusu ya viungo hivyo vilikuwa vimekatika, na havikurudi. Nyuzi zenyewe zikaendelea kufa polepole kwa miezi mingi.

Hebu rudia: saa 2, mara moja, na kipimo kikasoma sawa.

Kwa nini kipimo hakioni? Seli moja inashikwa na nyuzi kumi, ishirini, hata zaidi. Fikiria gati lenye makuli ishirini. Ukija mzigo mmoja, makuli watano wanautoa na hakuna atakayejua kwamba kumi na tano hawapo. Kijichumba kimya chenye mlio mmoja ndio huo mzigo mmoja. Marikiti, harusi, redio kando ya kompresa, hiyo ni meli nzima. Panya si mtu, nakubali, na kwa mtu aliye hai hakuna kipimo cha hospitali kinachozihesabu nyuzi hizo. Daktari wangu aliniambia wazi kwamba hawezi kufungua koklea yangu aangalie, ila dalili zangu zinaelekea huko. Lakini watafiti wa Boston wameshachunguza masikio ya watu waliokwisha kufa, wakakuta nyuzi zimepungua sana hata pale ambapo seli zilibaki. Na kwangu hata seli sasa zimeanza kwenda: grafu ya usikivu wangu imechimba shimo kwenye hezi 4,000, yaani kwenye sauti nyembamba, alama ya kawaida ya mtu aliyeumizwa na kelele. Seli hizo kwa ndege huota upya. Kwetu sisi hazioti tena, ulizozaliwa nazo ndizo hizo. Atakayekuuzia mafuta ya kuzirudisha mpite.

Utafiti huo ulitoka miaka miwili kabla fomeni hajaniambia habari ya sugu. Hilo linanichoma mpaka leo.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, nami naishikilia kwa meno: vizibo vinavaliwa kabla ya kuingia tangini. Si baada ya dakika kumi, si ukisikia mlio. Mlio ukija, siku hiyo imeshakula kitu. Taasisi ya NIOSH ya Marekani, inayochunguza usalama na afya kazini, inaweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 saa 2, 94 saa 1, 97 nusu saa, 100 ni dakika 15. Mashine yako hiyo inapita 100 bila shida, na ndani ya chuma ndiyo zaidi. Dakika 15! Kabla hujamaliza kukwangua ukuta mmoja. Kelele yoyote inayokulazimisha kupaza sauti kwa mtu aliye umbali wa mkono ihesabu kwamba imefika 85.

Tena si hisani ya fomeni. Kenya ina kanuni za kuzuia kelele kazini tangu mwaka 2005: mfanyakazi asipate zaidi ya desibeli 90 kwa saa 8 katika saa 24, na ikipita 85 mwajiri awe na mpango wa kuipunguza. Dai vizibo stoo. Wakisita, nunua vile vya sponji kwa pesa zako leo leo, na juu yake vaa vile vya kufunika sikio lote. Tangini vaa vyote viwili. Halafu rudi upimwe asubuhi baada ya mapumziko ya siku mbili, na uombe kipimo cha kusikia maneno ndani ya kelele. Kile cha kijichumba peke yake kisikutulize.

Wengi wanavivaa vibaya, vinaning'inia nje kama vipuli. Osha mikono. Kisokote kizibo kwa vidole mpaka kiwe chembamba kama njiti. Pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma ili tundu linyooke, kiingize haraka, kisha kishikilie kwa kidole uhesabu mpaka thelathini kinapotanuka. Halafu sema jina lako. Likisikika zito, kama uko ndani ya mtungi, kimekaa. Likisikika kama kawaida, kitoe uanze upya, fomeni asubiri.